Barua ya Wazi kwa Wamiliki wa Dunia Pepe: Mwili wa Avata Ulindwe kama Fedha za Mwenyewe

Kwa Uongozi wa Linden Lab, San Francisco, Marekani, na kwa kampuni nyingine zote zinazoendesha dunia pepe ambamo watumiaji huandika skripti

YAH: RIDHAA YA MTUMIAJI JUU YA MWENENDO WA AVATA YAKE

Waheshimiwa,

Dunia pepe ni mahali palipoundwa ndani ya kompyuta, ambapo watu walio mbalimbali hukutana kwa wakati mmoja kupitia mtandao, wakaonana, wakazungumza, wakajenga na wakafanya biashara. Baadhi ya dunia hizo zina sifa inayozitenga na michezo ya kawaida, nayo ni kwamba mtumiaji yeyote anaweza kuandika skripti, yaani maagizo ya kompyuta yanayotiwa ndani ya kitu kama kiti, mlango au gari ili kitu hicho kitende jambo chenyewe kinapoguswa, kinapokaliwa au kinapohisi kwamba mtu amekaribia. Mtumiaji naye huwakilishwa na avata, ambayo ni umbo lenye jina, mavazi na mwendo, linaloonekana kwa wenzake na ambalo yeye huliongoza kwa vitufe vya kibodi. Sifa hizo mbili zinapokutana ndipo linapozuka swali la barua hii: skripti iliyoandikwa na mtu mmoja ina mamlaka gani juu ya avata ya mtu mwingine, na mamlaka hayo yametolewa na nani?

Second Life, iliyofunguliwa kwa umma mwezi Juni 2003 na Linden Lab, kampuni ambayo Philip Rosedale aliianzisha mwaka 1999, imechaguliwa hapa kuwa mfano mkuu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba karibu kila kinachoonekana humo kimejengwa na wakazi wenyewe, yaani watumiaji wake, na lugha ya skripti ya Linden iko wazi kwa kila mkazi, hata kwa yule aliyejiunga bila malipo. Ya pili ni kwamba dunia hiyo ina utaratibu wa ruhusa ulioandikwa na kufafanuliwa hadharani, jambo ambalo dunia nyingi zilizoifuata hazina, na kampuni inastahili kupongezwa kwa hilo bila kinyongo. Linalolalamikiwa katika barua hii ni ngazi ambayo mwili wa mtumiaji umewekwa ndani ya utaratibu huo, kwa maana umewekwa chini ya mfuko wake.

Ni vyema kueleza kwanza jinsi skripti inavyomwona mtumiaji. Kwa skripti, mtu si sura wala sauti, bali ni kitambulisho chenye alama 36, yaani tarakimu na herufi 32 pamoja na vistari 4 vinavyozitenganisha, ambacho akaunti hupewa inapofunguliwa na ambacho hakibadiliki. Utaratibu wa majina umegeuzwa mara kadhaa: mpaka mwaka 2010 mgeni alijichagulia jina la kwanza na kuchukua la pili kutoka katika orodha ya kampuni, kisha wageni wote wakawa wanapewa jina moja la pili, Resident, na tangu mwaka 2020 waliolipia uanachama wameweza kubadili majina yao kwa ada. Kitambulisho hakikuguswa na mageuzi hayo hata kidogo, kwa hiyo mtu anayebadili jina, umbo na mavazi ili aanze maisha mapya mbele ya wenzake hubaki kuwa yuleyule mbele ya kila skripti iliyowahi kumwandika katika kumbukumbu zake.

Zaidi ya kitambulisho, skripti inaweza kusoma mahali avata ilipo, inakoelekea, kasi yake na ukubwa wa umbo lake. Inaweza kujua kama inaruka, imeketi, inaandika ujumbe, au kama mwenyewe ameondoka kwenye kibodi. Inaweza kupata namba inayoonyesha kama umbo limetengenezwa kuwa la kike au la kiume. Na inaweza kuuliza lugha ambayo mtumiaji ameiweka katika programu yake, isipokuwa kama amekataa kuionyesha. Kipengele cha kuhisi walio karibu hufika mita 96, na ipo amri nyingine inayorudisha orodha ya avata zote zilizomo katika eneo zima, ambalo kila upande wake una mita 256. Haya yote hufanyika bila kuombwa ruhusa na bila mhusika kupewa taarifa. Kwamba usomaji wa namna hii unaweza kuvuka mpaka na kuingia katika maisha ya nje ya dunia pepe si dhana tupu, kwa sababu mwaka 2011 wakazi walilalamikia kifaa kilichouzwa humohumo, kilichotumia viungo vya muziki na video kupata anwani za mtandao za wapita njia, kisha kikazihusisha akaunti mbili za mtu mmoja na kuwatangazia waliokinunua. Kampuni ilikiondoa kifaa hicho na ikapiga marufuku ufichuaji wa aina hiyo. Ulikuwa uamuzi sahihi, nao unathibitisha kwamba Linden Lab inao uwezo wa kuchora mpaka pale inapoamua kuuchora.

Hata hivyo kusoma ni jambo moja na kutenda ni jingine zito zaidi. Skripti inayotaka kutenda jambo juu ya avata hutakiwa kuomba ruhusa, na ruhusa zenyewe zimegawanywa kwa mafungu: kuchukua vidhibiti, yaani vile vitufe ambavyo mtu huvitumia kuiongoza avata yake, kuiwekea avata mikao na miondoko, kuifuatilia kamera na kuiongoza, ambapo kamera ndiyo jicho la mtumiaji ndani ya dunia ile, kuivika avata kitu mwilini, kuihamisha hadi mahali pengine, na kutoa fedha katika akaunti ya mwenyewe. Mgawanyo huu ni wa busara, kwa kuwa mtu anayeridhia kuchezeshwa ngoma hajaridhia kuhamishwa, na anayeridhia kuhamishwa hajaridhia kutolewa fedha.

Tatizo liko katika namna ruhusa hizo zinavyotolewa. Avata inapoketi juu ya kitu, na skripti iliyomo ndani ya kitu hicho ikaomba vidhibiti, miondoko na kamera, skripti hupewa yote hayo papo hapo, bila dirisha lolote la kuuliza kufunguka mbele ya mtumiaji. Kitu kinachovaliwa mwilini hupewa vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, kuketi kumegeuzwa kuwa kutia sahihi, na aliyetia sahihi hakuonyeshwa waraka. Mgeni anayekaribishwa kiti barazani hajampa mwenyeji haki ya kumshika shingo na kumgeuza atazame anakotaka mwenyeji. Lakini hilo ndilo linaloruhusiwa pale skripti ya kiti inapopewa kamera kwa sababu tu mtu ameketi.

Utetezi wa utaratibu huu unajulikana, na una uzito. Gari haliendi kama skripti yake haipokei vitufe vya dereva, farasi hapandwi bila mkao wa kupanda, na sinema inayosimuliwa kwa kuzungusha kamera haiwezekani kama kamera haishikiki. Kama kila kiti kingeuliza maswali matatu kabla ya kukaliwa, watu wangezoea kubofya ndiyo bila kusoma, na ridhaa ingekuwa imekufa kwa njia nyingine. Hoja hiyo inakubaliwa. Isipokuwa haielezi kwa nini ruhusa moja tu, ile ya fedha, haikuguswa na urahisi huo. Ruhusa ya kutoa dola za Linden, ambazo hubadilishwa kuwa dola za Marekani katika soko la kampuni yenyewe, haitolewi kwa kuketi wala kwa kuvaa. Hutolewa na mmiliki wa kitu peke yake, baada ya kuulizwa waziwazi na kuonywa. Watungaji wa mfumo walijua kabisa jinsi ya kulinda jambo wanaloliona kuwa la thamani, na walijua kwamba usumbufu wa dirisha moja la ziada si kitu ukilinganisha na hasara ya mtu kuporwa.

Mpangilio huohuo unaonekana kwingineko, na kwa ukali zaidi. Katika Roblox, jukwaa la michezo lililofunguliwa mwaka 2006 na ambalo wachezaji wake wengi ni watoto, skripti za mwenye mchezo zinazoendeshwa katika seva, yaani kompyuta kuu ya mchezo, zinaweza kubadili mwendo wa avata, kuihamisha, kuiua na kuiumba upya bila kumwuliza mchezaji lolote, ilhali haziwezi kukamilisha ununuzi kwa Robux, sarafu ya humo, bila dirisha la kampuni ambalo mchezaji mwenyewe hulithibitisha. Mtoto analindwa asitumie sarafu bila kukusudia, na ulinzi huo ni mzuri. Mwili wake wa humo umeachwa mikononi mwa yeyote aliyeutunga mchezo. Kampuni zinazosema kwamba avata ni mtumiaji mwenyewe zinapotangaza huduma zao haziwezi kusema kwamba avata ni kitu tu zinapoulizwa kuhusu ulinzi.

Kama kuna anayedhani kwamba suala hili limekuzwa kupita kiasi, historia inamjibu. Mwaka 1990 Pavel Curtis, mtafiti katika kituo cha Xerox PARC huko Palo Alto, California, alianzisha LambdaMOO, dunia ya maandishi matupu isiyo na picha, iliyojengwa juu ya programu ambayo toleo lake la kwanza lilitungwa na Stephen White. Humo kila kilichokuwepo, kiwe chumba, kikombe au mtu, kilikuwa kitu kimoja ndani ya hifadhidata, chenye namba yake, sifa zake na vitendo vyake. Mtu alitofautishwa na kikombe kwa alama iliyomtambulisha kuwa mchezaji, na wasimamizi, walioitwa wachawi katika istilahi ya huko, walitofautishwa kwa alama nyingine iliyowapa mamlaka yasiyo na mpaka. Wachezaji wengi walipewa uwezo wa kuandika programu, na uwezo huo ndio uliopafanya mahali pale pastawi kwa ubunifu.

Mwaka 1993 mtumiaji aliyejiita Mr. Bungle aliingia katika ukumbi uliojaa watu akiwa na kifaa cha programu kilichoitwa mwanasesere wa uchawi, ambacho kiliwawezesha wenye nacho kuandika matendo yakaonekana kwamba yanatendwa na mtu mwingine. Kwa kifaa hicho aliwafanya wengine waonekane wakitenda, mbele ya wote, matendo ya kingono na ya kikatili ambayo hawakuyatenda wala kuyataka. Mwandishi Julian Dibbell alilieleza tukio hilo katika gazeti la Village Voice mwezi Desemba mwaka huohuo, na maelezo yake yamesomwa tangu hapo na wengi wanaojishughulisha na sheria za mtandao. Linalopaswa kuangaliwa kwa makini ni kwamba hakukuwa na seva iliyovunjwa wala nenosiri lililoibwa. Kila amri aliyoitumia ilikuwa imeruhusiwa na mfumo. Madhara yalitoka ndani ya kanuni, kwa sababu kanuni hazikutenganisha kutunga sentensi kuhusu mtu na kutenda kwa jina la mtu, na waliotendewa waliumia kweli ijapokuwa hakuna aliyeguswa ngozi, kwa kuwa kilichochukuliwa kwao ni uwezo wa kuamua nafsi zao zionekane zikifanya nini mbele ya jirani zao.

Tangu wakati ule maandishi yamekuwa picha, picha zimekuwa na kina, na sasa wapo wanaovaa miwani ya uhalisia pepe, yaani vifaa vinavyofunika macho na kumfanya mtu ajione yumo ndani. Mwezi Februari 2022 kampuni ya Meta, baada ya malalamiko ya avata kushikwashikwa katika Horizon Worlds, dunia pepe yake, iliweka mpaka wa kuzuia avata zisikaribiane kwa kiasi cha kama futi 4. Hatua hiyo ilichukuliwa haraka, nayo inaonyesha kwamba umbali kati ya miili unaweza kuwekwa ndani ya kanuni za mfumo wenyewe. Hata hivyo mpaka wa umbali humzuia jirani tu; skripti iliyopewa vidhibiti au kamera haiko mbali na avata, iko ndani yake.

Jambo la pili ambalo uongozi unaombwa ulitazame ni namna ruhusa inavyoondolewa. Programu ya kutazamia ya Second Life, yaani ile ambayo mtumiaji huifungua ili aingie, inayo amri ya kusimamisha miondoko na kufuta ruhusa zinazohusiana nayo, na inayo njia ya kuachilia vidhibiti vilivyoshikwa. Lakini hakuna daftari moja ambamo mkazi anaweza kuona skripti zote za kawaida zinazoshikilia ruhusa zake kwa wakati ule, kila moja ikiwa na jina la kitu ilimo, jina la mwenye kitu hicho, ruhusa iliyopewa na siku iliyopewa. Anayejua tu kwamba kuna kitu kinamsukuma, asijue ni kipi, hubaki akivua vitu kimoja kimoja au akitoka na kuingia upya. Mfumo wa Experiences, ambao kampuni iliuanzisha katikati ya miaka ya 2010, unathibitisha kwamba daftari kama hilo linawezekana. Kwa mfumo huo mkazi huulizwa mara moja kama anaukubali mchezo au maonyesho fulani, na baada ya hapo skripti zote za onyesho hilo huweza kushika vidhibiti, kumchezesha, kumvika vitu, kumwongoza kamera, kumhamisha na hata kumketisha bila kumwuliza tena. Lakini orodha ya alizozikubali ipo, naye anaweza kuifuta au kuzuia ingizo lolote. Ni ajabu kwamba ruhusa pana zimeandikiwa daftari na ruhusa ndogondogo, ambazo ndizo nyingi, hazina lake. Inafaa kuongeza kwamba ruhusa ya fedha haikuingizwa hata katika makubaliano hayo mapana.

Sheria za nchi nyingi zimekwisha kulitatua swali hili kwa upande wa taarifa binafsi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwezi Mei 2018 inataka kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na yenye kufahamika, na inampa mhusika haki ya kuiondoa wakati wowote; na Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria hizo zinahusu taarifa, hazihusu miondoko ya avata, na haidaiwi hapa kwamba zimevunjwa. Kinachodaiwa ni kwamba kipimo kilichokwisha kukubalika kwa anwani na namba ya simu ya mtu hakiwezi kuwa kikubwa mno kwa mwili wake wa mtandaoni. Kuketi huchukua mbofyo mmoja; kukiondolea kiti ruhusa kilizozipata nako kuchukue mbofyo mmoja.

Wako wakazi wanaotaka kinyume chake, na heshima inawadai wasikilizwe. Tangu kampuni ilipoachia hadharani msimbo wa programu ya kutazamia mwezi Januari 2007, wajenzi wa nje wametengeneza programu zao, na baadhi yake zinaviruhusu vitu vilivyovaliwa na mkazi kumzuia asivue vazi, asiongee, asifungue mkoba wa vitu vyake au asihame. Watu wazima huzichagua kwa ajili ya michezo ya kuigiza, mafumbo ya mateka na mahusiano yao ya faragha, na hakuna sababu ya kuwanyang'anya. Ridhaa yao ni ya kina kuliko ya aliyeketi kwenye benchi, kwa sababu wameipakua programu ile kwa makusudi huku wakijua inafanya nini. Hata wao wanabaki na mlango mmoja ambao hakuna skripti inayoweza kuufunga, yaani kutoka na kurudi kwa kutumia programu nyingine. Mlango huo haukuwekwa na mfungaji, uko nje ya mamlaka yake, na kwa sababu hiyo hasa unamfanya mfungwa kuwa mchezaji. Hoja ya barua hii ni kwamba mkazi wa kawaida, ambaye hakuchagua kufungwa, anastahili mlango ulio karibu zaidi ya huo, usiomlazimu kuihama dunia nzima ili aachane na kiti.

Kuhusu mamlaka ya mwenye ardhi maneno machache yanatosha. Mwenye kipande cha ardhi ndani ya Second Life ana haki ya kumkataza mtu kuingia na kumtoa, na skripti yake inaweza kumrudisha mgeni nyumbani kwake bila kuomba ruhusa. Haki hiyo inalindwa kama haki ya mwenye nyumba yoyote. Kisichofaa ni vifaa vya ulinzi vinavyomrusha mpita njia bila onyo, au kwa onyo la muda usiotosha kusomwa, wakati mpaka wa kipande haukuonekana kwa aliyekuwa angani. Na muda wa chini wa onyo, unaotekelezwa na seva yenyewe badala ya kuachiwa hiari ya muuza kifaa, ungelimaliza tatizo bila kumpunguzia mwenye ardhi chochote.

Suala la lugha linawagusa wasomaji wa barua hii moja kwa moja. Dirisha la kuomba ruhusa ni mkataba mdogo, na mkataba usiosomeka hauna ridhaa ndani yake. Programu ya kutazamia ya Second Life imetafsiriwa kwa lugha kadhaa za Ulaya na Asia, Kiswahili hakimo. Vijana wa Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na Goma wanaoingia katika dunia pepe za aina mbalimbali kwa simu na kompyuta za kuazima hukutana na madirisha hayo kwa lugha wanayoijua nusunusu, wakabofya palipong'aa ili waendelee. Sentensi zinazohusika ni chache, hazifiki ukurasa, na wafasiri wapo. Kampuni ambayo haiko tayari kutafsiri programu nzima inaweza angalau kutafsiri yale madirisha ambayo kwayo mtu hutoa mamlaka juu ya mwili wake na mali yake.

Hatimaye kuna swali la nani huamua. Marc Bragg, wakili wa Pennsylvania, aliishitaki Linden Lab baada ya akaunti yake kufungwa mwaka 2006 kutokana na mgogoro wa ununuzi wa ardhi ya humo, na tarehe 30 Mei 2007 Jaji Eduardo Robreno wa mahakama ya shirikisho alikataa kutekeleza kifungu cha masharti kilichomlazimisha mtumiaji kwenda kwenye usuluhishi wa faragha, kwa kuwa masharti yalielemea upande mmoja na mtumiaji alikuwa na hiari ya kuyakubali yote au kuyaacha yote. Kesi ilimalizika kwa mapatano mwaka huohuo, lakini hoja ya jaji ilibaki: kubofya peke yake hakufanyi kila kilichoandikwa kuwa cha haki. LambdaMOO nayo ilikuwa imepitia njia yake. Mwishoni mwa mwaka 1992 Curtis alitangaza kwamba wachawi wangejitoa katika maamuzi ya kijamii na kubaki mafundi tu. Baada ya mkasa wa Mr. Bungle ukawekwa utaratibu wa wakazi kuwasilisha maombi na kuyapigia kura. Na mwaka 1996 wachawi wakatangaza kwamba kujitoa kabisa hakukuwa kumewezekana. Jaribio lile halikuwa kamilifu, ila liliwapa wakazi chombo cha kusema kanuni gani ziwatawale, na Raph Koster, mtunzi wa michezo ya mtandaoni, alipoandika mwaka 2000 rasimu ya haki za avata kwa kufuata mfano wa Azimio la Ufaransa la 1789, alianzia hapohapo, katika wazo kwamba nyuma ya avata yuko mtu na haki za mtu hazikomi pale anapovaa umbo jingine.

Kwa msingi huo uongozi wa Linden Lab unaombwa utengeneze daftari la ruhusa linaloonyesha kila skripti inayoshikilia mamlaka yoyote juu ya mkazi, ya kuketi na ya kuvaa yakiwemo, na kufuta kuwe kwa mbofyo mmoja. Uonyeshe alama inayoonekana wakati wote ambapo vidhibiti au kamera vimeshikwa na kitu cha mtu mwingine. Uitoe kamera katika ruhusa zinazotolewa kimyakimya kwa kuketi juu ya kitu kisicho cha mwenyewe, kwa kuwa kiti hakihitaji jicho la mkaaji. Na umpe mkazi haki ya kukataa hali yake kusomwa na skripti za wengine pale usalama wa eneo hauhitaji hivyo, kama ambavyo tayari anaweza kukataa kuonyesha lugha yake. Kampuni nyingine, hasa zile ambazo wakazi wao ni watoto, zinaombwa zianze na lililo la kwanza kabisa, yaani kutambua katika kanuni za mfumo, na si katika masharti ya matumizi pekee, kwamba kuna matendo ambayo skripti haiwezi kuyatenda juu ya avata bila mwenyewe kuulizwa.

Daftari la ruhusa lisisubiri mengine, kwa sababu mfano wake umo tayari katika Experiences na halimpunguzii mjenzi yeyote uhuru wa kutunga. Uongozi unaombwa ulijibu ombi hili hadharani na kwa maandishi, ukieleza lipi litatekelezwa, lipi halitatekelezwa, na kwa sababu gani.

Wenu katika kujali haki za watumiaji.